Vyuo Vyetu Viwafungulie Majirani Mlango

Desemba 1943, kijana Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa Makerere, Uganda. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti.

Dar es Salaam nayo ililea wageni. Yoweri Museveni wa Uganda na John Garang wa Sudan walisoma katika chuo kikuu chake, Mlimani, na Walter Rodney wa Guyana akafundisha hapo.

Leo Butiama, mkoani Mara, ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, na Sirari, mpakani na Kenya, iko mkoa huohuo. Lakini kijana wa Migori, Kenya, anayetaka kusoma huku Tanzania ana mlima wa kupanda. Mfumo wa 8-4-4 aliosomea hauna kidato cha sita, hivyo matokeo yake lazima yalinganishwe kwanza na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kisha atafute kibali cha ukaazi Daraja C.

Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Litekelezwe kwa vitendo: NECTA, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Uhamiaji wapokee maombi ya mwanafunzi jirani katika dirisha moja, kabla muhula haujaanza.