Baraka ya Mungu na Ibada ya Kila Siku katika Nyumba za Mbulu na Hanang

Toleo hili linahusu baraka ya Mungu, na hoja inayolifungua ni kwamba Mkristo huielewa baraka hiyo polepole, kwa kudumu katika ibada ya kila siku, yaani ule utaratibu wa kusoma sehemu ya Maandiko, kuitafakari na kuomba, ambao watu wa nyumba moja huufuata kabla kazi za siku hazijaanza. Anayeingoja baraka kama malipo ya sala aliyoitoa atapata mavuno mwaka huu na kuyakosa mwaka ujao, na katika miaka yote miwili hatajua amepewa nini.

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, zina sababu ya pekee ya kulizungumza jambo hili, kwa kuwa watu wake walijua kubarikiana kabla mmisionari yeyote hajapanda milima yao. Wairaqw wana slufay, ambayo ni sala ndefu ya mapokeo inayotamkwa na mzee mbele ya watu waliokusanyika, akimwomba Looaa, Mungu mkuu ambaye mapokeo yanamhusisha na jua na wema, awape watu afya, mvua na mapatano, huku waliopo wakiitikia kwa pamoja sehemu baada ya sehemu. Mwitikio huo ni kiungo cha sala yenyewe, maana mzee huomba kwa niaba ya wote, na wanaomsikiliza hushiriki kuomba. Mwenye kuijua slufay haoni ugeni anapofika katika sura ya 6 ya Kitabu cha Hesabu, ambamo Haruni na wanawe wanaagizwa kuwabariki Waisraeli na kuliweka jina la Bwana juu yao, kwa maneno ambayo hadi leo huhitimisha ibada za Kilutheri, nao usharika ukajibu Amina. Kwa kipimo hicho, mahubiri yanayomfundisha mtu kudai baraka yake binafsi, gari lake na nyumba yake, yamepungukiwa hata na kile ambacho wazee wa Mbulu walikijua.

Ibada ya nyumbani ilikuja na makanisa yenyewe. Luther aliweka sala za asubuhi, za jioni na za mezani katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, akazielekeza kwa baba mwenye nyumba ili awafundishe watu wake. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1728 kupeana neno moja la Biblia kwa kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamekuwa yakichapishwa kitabuni, yale ya Agano la Kale yakipatikana kwa kupiga kura. Wakatoliki, ambao Mbulu ni jimbo lao kamili tangu mwaka 1953, wana Masifu ya Asubuhi, rozari na sala ya Malaika wa Bwana. Katika nyumba nyingi za Dongobesh, Haydom au Katesh utaratibu huu wote hukutana mahali padogo: Biblia iliyofungwa kitambaa isishike moshi inashushwa, mtoto wa darasa la sita anasoma kwa Kiswahili cha shule kwa mwanga wa taa ya sola, bibi anayarudia maneno kwa Kiiraqw kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya wadogo, kisha wanaombewa mgonjwa, jirani aliyesafiri na ng'ombe jike anayekaribia kuzaa, na yote huisha kabla mifugo haijatoka zizini. Ni ibada fupi, na ufupi wake ndio unaoifanya idumu.

Faida kubwa ya somo lililopangwa ni kwamba msomaji hajalichagua. Anayefungua Biblia kutafuta ahadi ataipata ahadi, na ataikosa sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, ambamo Mfalme Ahabu anatwaa shamba la mizabibu la Nabothi. Sura hiyo ina uzito katika Hanang. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nyanda za Basotu ziligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali kwa msaada wa Kanada, yakafikia takriban ekari 100,000, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho bora pamoja na makaburi ya wazee wao. Aliyesimama kando ya ngano ile iliyokomaa angeweza kuiita baraka bila kusita. Aliyeisoma habari ya Nabothi asubuhi ileile angelazimika kwanza kuuliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Ibada ya kila siku haimwachi mtu ashukuru kwa wingi tu, kwa sababu inampitisha pia katika maandiko yanayouhukumu wingi.

Jaribio zito zaidi la fundisho hili lilikuja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuijongea Krismasi. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mvua ndiyo ombi la kale kuliko yote katika wilaya hizi, na hapa mvua ndiyo iliyoua. Hakuna ufafanuzi wa baraka unaostahili kuandikwa Manyara ambao hauwezi kusomwa mbele ya jamaa za waliofukiwa. Kusema kwamba walionusurika walibarikiwa ni kuwaambia wafiwa kwamba wao walinyimwa, na Yesu mwenyewe aliikataa njia hiyo katika sura ya 13 ya Luka, alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Ibada ya kila siku ina maneno mengine kwa nyumba kama hizo. Inayo Zaburi ya 88, ambayo haiishii kwa sifa bali gizani, na ambayo kanisa limeendelea kuisoma karne baada ya karne bila kuiongezea faraja mwishoni. Nyumba iliyozoea kuomba kila asubuhi inaweza kumlilia Mungu kwa zaburi hiyo bila kuacha kumwita Mungu wake, na majirani wakaitikia, na katika kuitikiwa huko mfiwa hupokea kile ambacho Haruni aliagizwa kukitoa: jina la Bwana juu yake, hata pale ambapo shamba limefunikwa na tope.

Kwa sababu hiyo makanisa ya wilaya hizi mbili yanaombwa kufanya jambo moja linalowezekana, nalo ni kuyaweka masomo ya kila siku katika Kiiraqw na Kidatooga, lugha ya Wabarabaig, pamoja na Kiswahili, yakiwemo masomo magumu, ili bibi asibaki peke yake katika kazi ya kutafsiri kila alfajiri.