Kitanda Usichokilalia

Katika duka moja la steshenari hapa mjini tulimwona mzee mmoja, mfanyakazi mstaafu, ameketi nyuma ya kijana mwenye kompyuta. Alikuja kujaziwa fomu ya ofisi moja ya umma ambayo siku hizi haipokei tena karatasi. Kijana alimwuliza neno lake la siri, naye mzee akalitaja kwa sauti, watu wote wakisikia. Akalipa, akashukuru, akaondoka akisema, "Sisi wazee mambo haya hatuyawezi."

Maneno hayo yalituuma. Mzee huyo aliendesha mtambo wa kiwanda kwa miaka thelathini. Kama yeye ameshindwa na fomu ya kurasa tatu, twathubutu kusema kwamba mwenye kasoro si mzee, bali ni fomu.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu anayeunda mfumo wa kompyuta huijua njia yake kwa sababu aliichonga mwenyewe. Hawezi kuona mahali ambapo mgeni atajikwaa. Dawa yake yajulikana. Mwite mtu wa aina ile ile atakayekitumia chombo, mkalishe, mpe kazi halisi ya kufanya, kisha nyamaza umtazame. Pale anaposita, pale anapobonyeza kitufe kisicho chake, pale anapokata tamaa, ndipo penye kunguni.

Wala hili si jambo la kubahatisha. Tangu mwaka 1998 kipo kipimo cha kimataifa kinachouliza maswali matatu: je, mtumiaji amefika alikokusudia? Ametumia muda na nguvu kiasi gani? Na je, ameridhika? Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu waweza kufichua kasoro zipatazo 85 katika kila 100. Wataalamu wengine wamebishana na hesabu hiyo, lakini shauri lake kuu ni jema: afadhali kujaribu kwa watu wachache, kurekebisha, na kujaribu tena, kuliko kungoja jaribio moja kubwa ambalo halitafanyika kamwe.

Wako watakaosema kwamba hizi ni anasa za wasomi. Na wakumbuke yaliyotokea Marekani katika uchaguzi wa mwaka 2000. Katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, majina ya wagombea yalipangwa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kupigia kura yakawekwa katikati. Nia ilikuwa njema: herufi ziwe kubwa ili wazee wasome bila taabu. Lakini wapiga kura wengi walitoboa tundu lisilo la mgombea wao. Wataalamu wa vyuo vikuu vya huko walichunguza, na mwaka 2001 wakaeleza kuwa kura zaidi ya 2,000 zilikwenda kwa mtu asiyekusudiwa. Jimbo lote liliamuliwa kwa tofauti ya kura 537, na Urais ukafuata jimbo hilo. Huenda wazee watano wangaliketishwa mbele ya karatasi ile kabla haijachapwa, kosa lingalionekana asubuhi moja.

Basi nani aifanye kazi hii kwetu? Twaona kwamba mahali pake ni chuo kikuu. Aliyeuza mfumo hawezi kuwa hakimu wa mfumo wake, na ofisi iliyoununua huona haya kukiri kwamba imenunua kibovu. Chuo hakina haya hiyo. Tena kina walimu wa kompyuta, wa lugha na wa elimu ya nafsi chini ya paa moja, na kina wanafunzi wanaohitaji kujifunza kwa kazi ya kweli. Chuo Kikuu cha Maryland kilianzisha maabara ya elimu hii mwaka 1983. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 kutoa programu za ofisi zinazosema Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Lakini hata neno la Kiswahili likiandikwa juu ya kitufe, hapana budi kumwuliza karani na mkulima kama amelielewa.

Hata hivyo, kufungua chumba na kukipa jina hakutoshi. Huduma huishi au hufa kwa uendeshaji wake. Yafaa awepo msimamizi mmoja mwenye dhamana, na daftari moja la maombi, ili kazi zisipokelewe kwa kujuana. Mfanyabiashara alipe gharama kamili. Ofisi ya umma ilipe kiasi cha kuiendesha huduma. Anayeitwa kujaribu arudishiwe nauli na alipwe muda wake, kwani siku ya kibarua ni chakula cha watoto wake. Aelezwe kwa lugha anayoijua kwamba kinachopimwa ni chombo, si yeye, na kwamba aweza kuondoka wakati wowote bila kuulizwa. Jina lake lisiandikwe katika taarifa. Na wasiitwe wanafunzi wa chuo peke yao kwa kuwa wako karibu: aitwe mama wa sokoni, aitwe asiyeona, aitwe mwenye simu ndogo ya vitufe.

Taarifa nayo iwe fupi, ianze na kasoro kubwa zinazomzuia mtu kabisa, na itolewe kabla waundaji hawajahamia kazi nyingine. Tungependa pia wenye mfumo waje waketi watazame kwa macho yao. Mkuu wa ofisi aweza kulibishia karatasi, lakini ni vigumu kumbishia mama anayehangaika mbele yake kwa nusu saa akitafuta mahali pa kuandika namba ya kitambulisho.

Gharama si kisingizio. Meza, viti viwili, kompyuta na simu za aina wanazotumia wananchi zatosha kuanzia. Lililo gumu ni jingine. Mwalimu wa chuo hupandishwa cheo kwa makala alizoandika, na saa alizotumia kuirekebisha fomu ya wastaafu hazihesabiwi popote. Maadamu hali ni hiyo, wenye bidii watachoka na chumba kitafungwa. Twawaomba wakuu wa vyuo waihesabu kazi hiyo kuwa kazi, na twaziomba ofisi za umma zisikubali kulipa sehemu ya mwisho ya fedha za mfumo wowote kabla wananchi hawajaujaribu.

Nanyi ndugu wafanyakazi, mkishindwa na fomu msiseme "hatuyawezi." Semeni ni ukurasa gani uliowashinda, na msemeni kwa ofisi iliyoitunga fomu hiyo. Yule mzee alilipia makosa ya watu wengine kwa fedha ya pensheni yake, na neno lake la siri sasa linajulikana na watu asiowajua.