Kuta Nyeupe na Haja ya Mwanga Nyumbani

Mwenye kujenga nyumba hufikiria rangi mwisho wa yote, na aghalabu huichagua kwa kutazama uzuri wake au nyumba ya jirani. Ni wachache wanaotambua kwamba rangi ya kuta ni sehemu ya taa ya nyumba.

Nuru inapoupiga ukuta, sehemu yake hunywewa na sehemu huakisiwa. Ukuta mweupe ulio safi huakisi kiasi cha asilimia 80 ya nuru inayoufikia. Ukuta wa kahawia iliyokolea huakisi asilimia 20 au pungufu. Tena nuru hairudishwi mara moja tu. Sehemu 100 zikiupiga ukuta mweupe hurudi 80. Hizo zikipiga ukuta wa pili hurudi 64, kisha 51, na kuendelea. Penye kuta nyeusinyeusi, 100 huwa 20, halafu 4, na nuru imekwisha. Kwa hiyo mtoto anayedurusu usiku kwa taa moja huongezewa mwanga na kuta zenyewe, pasipo kuongezwa mafuta wala umeme.

Wazee wa pwani waliyafahamu hayo kwa uzoefu. Katika nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na vyumba vya ndani kabisa havikuwa na madirisha, bali vilipata mwanga uliotokea uani. Kuta na zidaka zake zikapakwa chokaa nyeupe iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Chokaa iliyozimuliwa kwa maji huvuta hewa-ukaa inapokauka, ikarudi kuwa mithili ya jiwe. Na ukali wake huzuia koga kuota. Ukali huohuo huunguza macho na ngozi, basi mpakaji hana budi kujihadhari.

Hata hivyo, weupe una mipaka yake. Rangi ya mafuta yenye kung'aa kama kioo huirudisha nuru upande mmoja, ikachosha macho. Kwa kuta za chumba yafaa zaidi rangi isiyong'aa. Tena desturi ya shule na zahanati nyingi, ya kupaka rangi nzito yenye kuosheka upande wa chini wa ukuta, ni ya busara, kwani huko ndiko mikono ya watoto ipitako. Weupe na uanzie darini na nusu ya juu ya ukuta, nao upakwe upya masizi yanapouzidi.

Basi wanaoidharau chokaa kuwa rangi ya fukara wanakosea. Asiyeweza kununua rangi ya dukani hana sababu ya kukaa gizani. Na mwenye uwezo aulize kwanza chumba chake kinahitaji mwanga kiasi gani, ndipo aulize rangi ipi inapendeza.