Kondoo wa Hokkaido: Si Nguruwe, Lakini Tuulize

Tulipokuwa Sapporo, katika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, tulialikwa kula jingisukan: kondoo anayechomwa mezani juu ya kikaango cha chuma kilichoinuka katikati kama kofia, mafuta yakiteremkia vitunguu na kabichi pembeni. Harufu yake, wallahi, hata aliyeshiba ataona njaa! Wanafunzi tuliofuatana nao wakasema, "Si nguruwe, bismillahi tule." Hapo hatukukubaliana nao. Nani kamchinja? Na sosi yake mara nyingi hutiwa sake au mirin, yaani pombe. Tukauliza kwa adabu. Mwenyeji wetu akasoma chupa, akaiondoa mwenyewe, wala hakuchukia. Kesho yake tulinunua kondoo wa halali, chumvi na ndimu, tukamwalika yeye.