Risala ya Wananchi wa Kashozi kwa Mgeni Rasmi: Nchi Hii Haikuwa Pori

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,



 Desturi ya risala ni kushukuru, kisha kuomba barabara, maji na dawa. Maombi hayo tumekwisha kuyaandika na nakala zake zimo kwenye mafaili. Leo tumekubaliana tukuletee jambo moja tu: tumechoka kuambiwa kwamba nchi hii ilikuwa pori mpaka wageni walipofika. Tunalileta kwako kwa sababu maneno hayo yamegharimu ardhi jana, na yanaendelea kuigharimu leo.

A. Chimbuko la jambo hili

Hadithi husimuliwa hivi. Novemba 1890 Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, alifika kando ya ziwa, akasimika bendera na kuanzisha kituo, na hapo mji wa Bukoba ukazaliwa. Januari 1892 vikapiganwa vita vya Mengo kule Buganda. Wakatoliki wakashindwa, na Askofu Jean-Joseph Hirth na Mapadre Weupe wakakimbilia kusini pamoja na waumini wa Kiganda. Kabla mwaka huo haujaisha, misheni ya Kashozi ikafunguliwa, ya kwanza ya Kikatoliki katika eneo hili.

Mheshimiwa, hayo hatuyapingi, na misheni hatuibezi. Watoto wetu wamesoma kwa sababu yake. Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo katika Muleba ya leo na Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali mwaka 1960, alipofariki Desemba 1997 alilazwa hapa Kashozi hadi mabaki yake yalipohamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba mwaka 2012. Tunachopinga ni ukurasa unaotangulia 1890, ambao huachwa mtupu kana kwamba hapa palikuwa na nyasi, mbu na viboko peke yao.

Ukurasa huo una maandishi. Maruku, pale Katuruka, wataalamu wa mambo ya kale walifukua tanuri za chuma ambazo umri wake unakaribia miaka 2,000, na wazee ndio waliowaonyesha mahali pa kuchimba. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Speke alipokelewa Karagwe na Mkama (yaani mfalme) Rumanyika, na wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Mwaka 1875 msafiri mwingine wa Kizungu, Henry Stanley, alizozana na watu wa kisiwa cha Bumbire, Muleba ya leo, akaondoka, kisha akarudi miezi michache baadaye na kuwamiminia risasi kutoka majini, akiua watu kwa makumi. Pori halizozani na mtu, wala halilipiziwi kisasi.

Hata Emin alipofika hakukuta ardhi isiyo na mwenyewe. Alikuta Kyamtwara ya Mkama Mukotani. Kaskazini ilikuwapo Kiziba ya Mutatembwa, na kusini Kihanja ya Kahigi, ambaye baadaye alijua kuutumia vizuri urafiki wa Wajerumani kuwazidi jirani zake. Kulikuwa na mahakama, kodi, mipaka na ugomvi wa mipaka.

Shahidi mwingine yuko karibu zaidi. Mheshimiwa, ukitoka kwenye viti hivi ingia kibanja chochote cha jirani, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, uchokonoe udongo kwa kidole. Ni mweusi, mlaini, unanukia majani yaliyooza. Kisha vuka mstari wa milamula uliopandwa mpakani, utokee rweya, eneo la nyasi lililo nje ya vibanja: udongo umepauka, una mchanga na vijiwe. Mvua ni ileile na mwamba wa chini ni uleule. Katika ukanda huu wa ziwa mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nazo huosha rutuba na kuizamisha. Weusi wa kibanja umetengenezwa na watu: samadi ya ng'ombe, nyasi za rweya zilizotandazwa migombani, maganda ya ndizi na majivu ya mafiga, kizazi hadi kizazi. Ndizi walizokula wageni wa 1890 na 1892 zilitoka kwenye udongo huo, na walioutengeneza walikuwa wamezikwa humohumo.

B. Malalamiko yetu

Kwanza, historia yetu huanzia kwa mgeni. Mtoto wa Kashozi anaweza kukutajia mwaka aliofika Emin Pasha, lakini ukimuuliza Mukotani alikuwa nani anakutazama tu. Watembezaji wa wageni nao husimulia "waanzilishi" waliojenga mji katikati ya pori, na mgeni huondoka na hadithi hiyo kama alivyoinunua.

Pili, waliojenga hawatajwi. Boma la Bukoba halikujijenga, wala misheni haikushuka na matofali yake. Kuna waliobeba mizigo, waliokata miti, waliofyatua tofali na waliopika. Kuna wakimbizi wa Kiganda walioacha mali zao kwao, wakaja kufundisha katekisimu huku. Wote hao wamekuwa "wenyeji" na "wapagazi", bila jina hata moja ukutani.

Tatu, kumbukumbu zetu ziko mbali nasi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, aliagiza kila kituo kiandike shajara ya matukio yake, na hifadhi kuu ya shirika hilo iko Roma. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yapo Dar es Salaam, yameandikwa kwa lugha na mwandiko ambao mwalimu wetu wa sekondari hawezi kuusoma. Huku nyumbani, tetemeko la 10 Septemba 2016 lilibomoa na kupasua nyumba nyingi za zamani Bukoba nzima, na kila msimu wa mvua unaondoka na kilichosalia. Wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa na babu zao wanapungua.

Nne, na hili ndilo linalotuuma zaidi, rweya bado inaitwa ardhi tupu. Anayeitazama kutoka barabarani anaona nyasi. Haoni mama aliyelima humo njugumawe kwenye musiri wake, yaani shamba lake la rweyani, akavuna, kisha akaipumzisha kwa miaka kadhaa. Haoni nyasi za kuezeka, za kutandika ndani na za kufunika shina la mgomba, wala malisho ya ng'ombe anayeleta samadi. Ukiitoa rweya, kibanja kinakosa chakula na kinaanza kufa taratibu. Hata hivyo vipande vya rweya vimekuwa vikipandwa mikaratusi na misonobari na watu wenye uwezo, baadhi yao si wakazi, kwa maelezo yaleyale kwamba hapakuwa na mtu. Wanaoumia kwanza ni akina mama, kwa sababu kibanja hurithiwa zaidi na wanaume, na rweyani ndiko mwanamke alikokuwa na pa kulima bila kuomba.

Sheria nayo imeacha mlango wazi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Je, ni nani anayeamua kwamba rweya iliyopumzishwa haitumiki? Akiamua mtu asiyejua kilimo chetu, atakosea kama walivyokosea wa 1890.

C. Madai yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutokana na hayo tunadai yafuatayo:

1. Rweya zote za vijiji vyetu zipimwe na kuingizwa katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kama ardhi inayotumika, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kipande chochote kisitolewe kwa mtu bila mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wa mkutano ubandikwe hadharani.

2. Haki ya akina mama kulima musiri na kukata nyasi iandikwe katika mipango hiyo, na wanaostahili wapewe hatimiliki za kimila kwa majina yao wenyewe.

3. Waliokwisha kupanda miti kwenye rweya bila ridhaa ya kijiji waitwe mezani. Hatutaki miti ifyekwe usiku. Tunataka mikataba yenye ukomo, malipo kwa kijiji, na ardhi kurudi baada ya mavuno.

4. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lifundishwe hapa kwa mifano ya hapa: tanuri za Katuruka, Bumbire, falme za Wahaya, mfumo wa upangaji ardhi wa nyarubanja na kuvunjwa kwake. Walimu wapewe kijitabu kilichoandaliwa pamoja na wazee.

5. Serikali na Kanisa waombe pamoja nakala za kielektroniki za kumbukumbu za Kashozi na Bukoba zilizoko Roma na Ujerumani, na zile za Dar es Salaam zitafsiriwe kwa Kiswahili. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, akasema nchi yake iko tayari kushirikiana kuhusu mali za utamaduni. Kagera nayo iwemo katika mazungumzo hayo.

6. Pawekwe kibao Kashozi na kingine Bukoba mjini, kwa Kiswahili na Kihaya, vinavyotaja waliokuwapo, waliokuja na waliojenga, kwa mpangilio huo.

Tunajua utaulizwa fedha zitatoka wapi. Madai ya kwanza hadi ya tatu yanahitaji utashi zaidi ya fedha. Na yasionekane makubwa mno: mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, waliokuwa wakitoa mazao na kazi kwa bwana kwa sababu tu babu zao walikuwa wameandikwa chini yake. Wakati huo nao wapo waliosema desturi haigusiki. Iliguswa, na wajukuu wa wapangaji hao leo ni wenye vibanja.

D. Wajibu wetu

Nasi hatukuja mikono mitupu. Tutakusanya simulizi za wazee kijiji kwa kijiji, vijana wakirekodi kwa simu zao. Tutatoa nguvukazi ya kupanda milamula kwenye mipaka ya rweya itakayopimwa. Wanakijiji wa Katuruka walisimama wenyewe kuulinda urithi wao, nasi tutakwenda kujifunza kwao.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 90, yatakayosomwa mbele ya mkutano mkuu wa kila kijiji, dai kwa dai: lililokubaliwa, lililokataliwa na sababu yake. Likikataliwa tutakata rufaa kwa ngazi inayofuata, kwa utaratibu na kwa amani.

 

Ni sisi,
Wananchi wa Kashozi, Bukoba, Kagera