Kabla hujapandisha pikapu yako, sema kwanza inaelekea wapi

Umenunua pikapu. Pengine ni Hilux ya mkono wa pili, ile iliyofanyia kampuni fulani kazi miaka minane kisha ikapigwa mnada, na chesisi yake bado iko fiti. Hongera. Hata wiki haijaisha na tayari mbogi ya mtaani imekuambia gari liko chini mno na matairi ni ya mzee wa shamba. Fundi wako pale Kirinyaga Road naye amekunong'onezea kwamba kazi yenyewe ni ya asubuhi moja: spesa mbele, vyuma virefu vya springi nyuma, matairi ya inchi 33, na jioni unapita Kiambu Road ukiwaangalia wenye Vitz kwa juu kama twiga.

Ukurasa huu hauna ugomvi na luku. Gari ni lako, doo ni zako, na ujana hauji mara mbili. Lakini kuna mambo ambayo fundi hakukwambia, na baadhi yake hayakuhusu wewe peke yako. Yanamhusu pia mama anayevuka barabara na mtoto mkononi, na yule jamaa wa bodaboda anayekuja mbele yako usiku.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo uongo mwingi hujificha. Tairi la kawaida la Hilux nyingi lina maandishi 265/65R17. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu wa tairi ukiwa asilimia ya huo upana. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha takriban milimita 776. Sasa hilo unalolitamani, 285/70R17, linafika milimita 831 hivi. Tofauti ni kama sentimita tano na nusu. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo kinachoinuka kutoka ardhini ni nusu ya hapo, chini kidogo ya sentimita tatu. Inchi moja. Mishahara miwili mitatu imeyeyuka kwa sababu ya inchi moja.

"Lakini nimepandisha pia springi!" utasema. Sawa, ila ngoja. Nyuma ya pikapu yako kuna ekseli nzima, bomba moja refu la chuma lenye difu katikati, lile tumbo la mviringo ukichungulia chini. Hilo linakaa kwenye magurudumu, si kwenye bodi. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda, chesisi inapanda, wewe unapanda, lakini difu linabaki pale pale lilipokuwa. Jiwe lililokuwa likiligonga kule Suguta litaendelea kuligonga. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Springi ndefu kazi yake kubwa ni kutengeneza nafasi ya hilo tairi kuingia chini ya madigadi bila kukwaruza, na kukupa pembe nzuri zaidi bampa isizame kwenye mtaro. Ni faida, hatukatai. Lakini anayekuuzia spesa kwa ahadi kwamba sasa "gari liko juu" anauza nusu ya habari.

Mbele hali ni nyingine kabisa. Kwenye Hilux za kisasa difu la mbele limefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo linapanda pamoja na bodi, lakini shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu sasa zinainama kwa pembe kali. Raba zinazofunika viungo vyake hupasuka mapema, grisi inatoka, vumbi linaingia, na siku moja ukikata kona unasikia ta-ta-ta-ta. Usukani nao unapoteza ule ukaidi wake wa kurudi katikati wenyewe. Ndiyo maana ukipandisha mbele lazima ufanye alaimenti upya, na ikiwa umepandisha zaidi ya inchi mbili, pengine ubadilishe hata mikono ya juu ya sespensheni. Uliza kama bei ya fundi ina hayo. Mara nyingi haina.

Rudi kwenye hesabu kidogo. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 7. Spidomita ya gari lako haijui hilo. Inahesabu mizunguko tu. Ikikuonyesha 100, magurudumu yanakupeleka 7 zaidi ya ilivyokuwa kabla. Ni kweli spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, kwa hiyo huenda usipigwe tochi siku ya kwanza, lakini ile akiba ya usalama uliyokuwa nayo umeila. Umbali nao unasomwa pungufu: ukidhani umefika kilomita 5,000 za kubadilisha oili, umeshafika 5,350.

Asilimia hiyo hiyo 7 inakufuata kwenye injini na kwenye breki. Tairi ni kama mpini wa wenzo: ukiurefusha, nguvu ile ile inafika ardhini ikiwa imepungua. Gari litakuwa zito kuondoka, utatafuta gia ya chini mlimani Limuru, na mafuta yatakwenda. Hilo la mafuta ni shida ya mfuko wako. La breki ni letu sote. Breki ni zile zile za kiwandani, lakini sasa zinasimamisha gurudumu zito na refu zaidi. Ukiwa unateremka Mai Mahiu na ukungu umetanda, kuna lori mbele na matatu imejipachika nyuma yako, hapo ndipo utaielewa hiyo asilimia 7 vizuri.

Halafu kuna suala la kupinduka. Ukipandisha bodi sentimita tano na tairi likaongeza karibu tatu, umeinua sehemu kubwa ya uzito wa gari kwa sentimita nane huku upana wa magurudumu ukibaki ule ule, au ukiongezeka kidogo tu. Kwenye jam ya Waiyaki Way hutahisi chochote. Utahisi siku bodaboda atakapokatiza ghafla kwenye Southern Bypass nawe uvute usukani kulia, kisha kushoto. Hapo gari lililokuwa likiyumba tu sasa linafikiria kulala.

Lakini lililotusukuma kuandika makala haya hasa ni watembea kwa miguu. Kila mwaka takwimu za NTSA husema jambo moja: wanaokufa zaidi kwenye barabara zetu si madereva, ni watu wanaotembea. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima, ilitoa utafiti uliopima boneti. Ilionekana kuwa gari lenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40, likimgonga mtu, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kumuua, kwa takriban asilimia 45, kuliko gari lenye boneti ya inchi 30 au chini ya hapo iliyoinama mbele. Sababu haihitaji profesa. Gari la chini hugonga miguu na mtu anaangukia boneti. Gari refu linagonga kifua au kichwa, kisha linampeleka mtu chini ya magurudumu. Mtoto wa darasa la pili akisimama mbele ya pikapu iliyopandishwa, dereva aliyekaa haoni hata kofia yake. Sasa fikiria mtaani kwako saa kumi na moja jioni, watoto wakitoka shule, mahindi yakichomwa kando ya barabara, na wewe unarudi nyuma na mbele ukitafuta nafasi ya kuegesha.

Utatuuliza, basi wanaokwenda mashinani kweli wanafanyaje? Nenda ukaangalie. Zile Land Cruiser za mizigo ambazo polisi na mashirika ya misaada huzipeleka Turkana na Marsabit, nyingi zinatembelea tairi la 7.50R16: refu kiasi, lakini jembamba, halina mbwembwe yoyote. Jembamba linachana tope mpaka liguse ardhi ngumu, ilhali pana likielea juu yake bila kushika. Na pikapu za miraa zinazotoka Maua alfajiri, na mzigo umefunikwa turubai hadi juu, sijaona hata moja iliyopandishwa kwa ajili ya picha. (Mwendo wao ni habari nyingine, huo usiuige.)

Na kama ni mchanga, sema Chalbi, dawa kubwa kuliko zote ni ya bure: punguza upepo. Tairi lililojazwa 32 likishushwa hadi 18 hivi linajitandaza, linaacha alama ndefu mchangani, na gari lililokuwa likizama linatambaa kama kobe. Unachohitaji ni kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuujaza tena kabla hujarudi kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo kwa mwendo wa kasi huchemka na kupasuka. Kabla hujatumia hata shilingi moja kwa tairi la 33, jaribu hilo. Wengi wakijaribu hugundua kwamba hawakuhitaji zaidi.

Hata Rhino Charge, yale mashindano ya kuchangisha pesa za uhifadhi yaliyoanza mwaka 1989 na yakasaidia kujenga ua wa Aberdare, hayamtuzi mwenye gari refu zaidi. Mshindi ni yule aliyefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Ni mashindano ya kusoma ardhi. Na magari yale yanakaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuanza, jambo ambalo la kwako, likitoka kwa fundi Jumamosi, halitapitia.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kama pikapu yako inashinda kati ya Ruaka, kazini na nyama choma Jumapili, iache ilivyo. Tafuta matairi mazuri ya saizi ya kiwandani yenye meno ya njia zote na utapata nusu ya luku unayoitaka bila kuvuruga chochote. Kama kweli unafanya kazi kwenye njia mbovu, wewe mpima ardhi, wewe unayepeleka watalii Baragoi, pandisha, lakini kwa kiasi, inchi mbili zikiwa nyingi, kwa springi na shokabzoba zilizotengenezwa kuendana, si kipande cha chuma kilichochongwa jana. Matairi yawe matano, si manne, kwa sababu speya ya saizi tofauti kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta itakuulia gia huko huko porini ambako hakuna mtu wa kukuokoa. Na kabla hujalipa, pima kama hilo la tano linaingia pale chini speya inapokaa. Huenda lisiingie.

Ukinunua matairi ya mtumba, usiangalie meno pekee. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na raba imeshakauka. Angalia pia namba ya uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi, na ukinunua lenye namba ya chini kuliko la kiwandani, usilipakie viazi vya Kinangop.

Pigia bima yako simu. Mwambie wakala umebadilisha nini, na akuandikie. Ukificha, siku ya ajali kampuni itakuwa na sababu nzuri ya kukukana, na Sheria ya Trafiki nayo inakudai gari lisilohatarisha wengine, jitetee mwenyewe.

Gari likishatoka gereji, usilipeleke Instagram kwanza. Panda gurudumu moja la mbele kwenye ukingo wa barabara, zungusha usukani mpaka mwisho kulia kisha kushoto, na umwambie rafiki asikilize kama tairi linagusa kitu. Mwambie pia achungulie mipira ya breki na nyaya za ABS kwenye gurudumu linaloning'inia. Zikiwa zimekazwa kama kamba ya gitaa, rudi ndani. Kisha usiku, egesha kwenye sakafu tambarare mita nane kutoka ukutani na uwashe taa za chini. Mwisho wa juu wa mwanga uwe sentimita nane hivi chini ya kimo cha taa zenyewe. Ukiwa juu ya hapo, kila mtu utakayekutana naye barabarani atadhani umempigia fulu, naye atakuwa anaendesha bila kuona mbele huku ninyi wawili mkikaribiana. Kuzishusha ni kazi ya bisibisi na dakika kumi, na fundi aliyekufanyia kazi yote hiyo hapaswi kukutoza hata kumi kwa hilo.