SIKU YA WAPENDANAO NA JASHO LA WAVUNA MAUA



Mwezi wa Februari ukikaribia, maduka ya Nairobi hutundika vitambaa vyekundu na vijana huanza kuhesabu vijisenti vyao. Wakati huo huo, huko Naivasha, Thika na Timau, taa za mabanda ya kufungia maua huwaka mpaka usiku wa manane. Wengine huiita siku hiyo Valentine, wengine Siku ya Wapendanao. Baadhi ya wanachama wetu husema kwamba ni mambo ya Kizungu yasiyotuhusu. Sisi twasema yatuhusu sana, na twataka kueleza siku hii ilitoka wapi na jinsi ilivyofika mikononi mwetu.

Huyo Valentine alikuwa Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya dini katika karne ya tatu, akazikwa kando ya barabara ya Roma iitwayo Via Flaminia. Wenye elimu hawakubaliani kama alikuwa mtu mmoja au wawili, kwa maana yuko padre wa Roma na yuko askofu wa Terni, na wote wawili wanakumbukwa tarehe 14 Februari. Ile hadithi ya kwamba aliwafungisha askari ndoa kwa siri iliongezwa miaka mingi baadaye. Kanisa Katoliki lenyewe, lilipopanga upya kalenda yake mwaka 1969, liliiondoa sikukuu hiyo katika kalenda ya ulimwengu mzima, kwa sababu habari zake za hakika ni chache mno.

Basi mapenzi yaliingiaje? Yaliletwa na mshairi. Katika miaka ya 1380 Geoffrey Chaucer wa Uingereza alitunga shairi ambamo ndege wanakusanyika siku ya Valentine ili kila mmoja achague mwenzake. Jambo hilo liliwapendeza watu likaenea. Mwaka 1477 msichana mmoja wa Kiingereza, Margery Brews, alimpelekea mchumba wake John Paston barua akimwita Valentine wake. Sehemu kubwa ya shida yake katika barua hiyo ilikuwa mahari, ambayo kwa desturi yao ilitolewa na baba wa msichana, na baba alikuwa amekataa kuongeza hata kidogo. Wazee wetu wangeicheka barua hiyo kwa furaha! Hata hivyo wawili hao walioana, na wala hakuna kitu walichonunua dukani kwa ajili ya siku hiyo.

Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 1840 posta ya Uingereza ilishusha gharama ya barua mpaka peni moja, na kadi za Valentine zikaanza kwenda kwa wingi. Huko Marekani, katika mji wa Worcester, mwishoni mwa miaka ya 1840, Esther Howland, binti wa mwenye duka la vitabu na karatasi, alianza kutengeneza kadi za kuuza. Aliwapanga wanawake mezani: huyu anakata karatasi, huyu anabandika lesi, huyu anatia ua, na kadi inapita mkono kwa mkono mpaka imalizike. Yeye mwenyewe hakuolewa kamwe, lakini biashara ilimstawisha, akaiuza mwaka 1881. Twaomba wanachama waitazame sana meza ile. Huko nako, katika miaka ya 1860, Richard Cadbury wa Uingereza alianza kutia chokoleti katika masanduku yenye umbo la moyo. Neno la mapenzi likawa bidhaa, na bidhaa yahitaji mtu wa kuitengeneza.

Sasa tuje kwa ua. Februari Ulaya ni baridi, na waridi halichanui huko bila kuwashiwa moto na taa. Nyanda zetu za juu zina jua la ikweta mwaka mzima na usiku wenye ubaridi, na kwa hiyo Kenya imekuwa miongoni mwa nchi ziuzazo waridi nyingi kabisa katika Ulaya. Wiki nyingi kabla ya siku yenyewe matawi hukatwa kwa hesabu, ili maua yote yawe tayari kwa pamoja. Kisha yanavunwa, yanapangwa kwa urefu, yanafungwa, yanawekwa katika vyumba vya baridi na kupakiwa ndege za mizigo. Tarehe haingoji mtu. Waridi la tarehe 15 ni kama gazeti la jana.

Hapo ndipo penye taabu yetu. Kwa kuwa tarehe haisogei, kinachosogezwa ni saa za mfanyi kazi. Mama aliyeingia bandani alfajiri anaambiwa oda haijaisha, asubiri. Akitoka usiku hana gari, na watoto walilala bila kumwona. Jumapili inafuata Jumapili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyi kazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Haikuandikwa humo, "isipokuwa Februari". Tena kifungu cha 37 chamlinda kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefika mwezi mmoja au zaidi, asiendelee kuhesabiwa kama mtu wa leo tu. Lakini wako wanaoandikwa Januari, wakaachishwa Machi, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba hawajulikani.

Waajiri hutujibu kwamba bei hupangwa ng'ambo, na kwamba wanalipa nauli ya ndege pamoja na haki za wale waliobuni aina za waridi. Hayo ni kweli, na maduka makubwa ya Ulaya yanajua kubana. Lakini mnunuzi akibana mwajiri, ni lazima mwajiri ambane nani? Mwaka 2022 Serikali iliweka kima cha chini cha kibarua wa shamba asiye na ujuzi kuwa Sh. 7,544.66 kwa mwezi. Waliopata zaidi walipata kwa mikataba ya chama, si kwa huruma ya Valentine.

Wako watu wema huko Ulaya washaurio maua ya mbali yasusiwe. Twawashukuru kwa nia yao, lakini wasitusaidie hivyo. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko, waridi zilitupwa na maelfu ya wenzetu wakarudishwa nyumbani. Tulijua siku zile ua lisiponunuliwa nani hulala njaa kwanza. Wapendanao na wanunue. (Ila wewe kijana unayekopa kwa simu ili ununue waridi lililokatwa na dada yako, fikiri mara mbili.)

Tunayotaka yaandikwe katika mkataba ni haya: kazi ya ziada iwe ya hiari na ilipwe kwa kiwango chake, wanaotoka usiku wapelekwe mpaka nyumbani, mtu asiingizwe bandani dawa ikiwa bado mbichi, na walioitwa misimu iliyopita waandikwe kwanza. Kwa hiyo kila mwanachama anunue daftari dogo. Kuanzia katikati ya Januari aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, na Jumapili alizofanya kazi. Daftari hilo pamoja na karatasi za mshahara ayalete kwa mwakilishi wake kabla ya mwisho wa Machi, kwa maana waajiri watakuja mezani na hesabu zao zimepigwa taipu.